SANDUKU LINA KUFULI TATU. SIRI YA MWANACHAMA INA NGAPI?

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama, kwa niaba ya kamati ya elimu, siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Walionitangulia wameeleza vizuri tulikotoka, tangu mwaka 2015 tulipokaa kwenye mikeka na kununua hisa za kwanza, hadi leo ambapo wapo wenzetu waliojenga na waliosomesha kwa mikopo ya kikundi hiki. Sina la kuongeza hapo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba tumekiona.

Mimi nimepewa mada inayoitwa "Usalama wa taarifa zetu katika maisha na kazi za kila siku." Nilipoitaja kwa mama mmoja hapa mtaani akaniuliza, "Taarifa zipi tena, zile za saa mbili usiku?" Tulicheka. Lakini swali lake ni zuri, kwa hiyo naanza nalo.

Taarifa ninazozisema ni zile zinazokuhusu wewe mwenyewe. Jina lako kamili, namba yako ya simu, namba yako ya NIDA, picha yako, alama ya kidole chako, mahali unapokaa na majina ya wanao. Na kwa sisi wanachama kuna nyingine nzito zaidi: una hisa ngapi, umekopa kiasi gani, umechelewa kulipa au hukuchelewa, na siku ya mgao utaondoka na shilingi ngapi.

Sanduku letu

Ndugu wanachama, sote tunajua sanduku letu lina kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa wanachama watatu, na anayelala na sanduku hana hata funguo mmoja. Mgeni akiliona atadhani hatuaminiani. Sivyo. Tulifundishwa hivyo tangu mafunzo ya mwanzo, na sababu yake ni kumlinda hata huyo anayelitunza. Mwizi akimjia usiku, hawezi kulifungua. Ikipungua shilingi, hakuna wa kumnyooshea kidole peke yake. Hata vikundi vinavyoweka fedha benki hudai sahihi za watu zaidi ya mmoja kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa naomba niulize. Leja inayoonyesha kila mtu ana nini na anadaiwa nini, ina kufuli ngapi? Ile bahasha ya kaki yenye kopi za vitambulisho vyetu, ina kufuli ngapi? Na simu ya Katibu, ambayo ndani yake mna picha za kurasa za leja na majina yetu yote, ina kufuli ngapi? Mtu akizichukua hizo hahitaji kubeba sanduku. Fedha zikiibwa, tunaweza kuchanga upya. Siri ikishatoka haina mchango. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mahali siri inapovujia

Tusifikiri kwamba habari hii ni ya watu wa maofisi na kompyuta zao tu. Njia za kuvujia ni za kwetu kabisa, na nitazitaja nne.

Ya kwanza ni karatasi. Tunapopeleka maombi ya mkopo wa halmashauri au kufungua akaunti, tunatoa kopi za vitambulisho. Tunakwenda steshenari, tunamtumia kijana picha za vitambulisho kwa WhatsApp, anatoa kopi, tunalipa, tunaondoka. Zile picha zimebaki kwenye kompyuta yake. Zile kopi zilizotoka na doa, alizozitupa pembeni, zinakwenda wapi? Jamani, nani kati yetu hajanunua karanga zilizofungwa kwenye fomu ya mtu? Unakula karanga huku unasoma jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu ya mtu usiyemjua. Kesho atakayefungiwa karanga kwa fomu yako ni nani?

Ya pili ni kundi letu la WhatsApp. Wiki iliyopita nilikaa na Katibu tukahesabu. Sisi wanachama ni 28. Kwenye kundi mna namba 41. Tulipozichambua tukakuta namba 6 ni za wanachama waliotoka, 4 ni laini za pili za wanachama waliopo, moja ni ya mwalimu aliyetufundisha zamani, na mbili hakuna anayezifahamu. Namba mbili hizo zimekuwa zikisoma tarehe za mikutano yetu, na kiasi cha fedha kilichomo sandukuni, kwa muda gani? Tena laini iliyoachwa muda mrefu huweza kuuzwa kwa mtu mwingine.

Wengine husema WhatsApp ni salama. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ujumbe wake hufungwa njiani, kutoka simu hadi simu, ili aliye katikati asiusome. Lakini ukishafika kwenye simu 41 umefunguliwa. Hapo kila simu ni mlango. Mtoto anachezea gemu, mume anatafuta namba ya fundi, shoga anaangalia picha za harusi, wote wanapita humo humo. Na anayetaka kuufowadi anabonyeza mara moja tu.

Ya tatu ni mikopo ya kwenye simu, ile ambayo wengi wanaiingiza kwenye fungu la kausha damu. Kuna programu ambazo ukizipakua huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yako. Wewe una haraka, mtoto anaumwa, unabonyeza "kubali." Ukichelewa siku mbili, ujumbe unakwenda kwa mkwe, kwa mwalimu wa mwanao, kwa mwenye nyumba: "Mwambieni fulani alipe, ni tapeli." Kwa hiyo hata wewe usiyekopa umo, kwa sababu namba yako imo kwenye simu ya aliyekopa. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Nao Google, kuanzia tarehe 31 Mei 2023, walizikataza programu za mikopo zilizomo kwenye duka lao kusoma majina na picha za mkopaji. Ndiyo maana programu inayoletwa kwa kiungo cha kutumiwa tu, nje ya duka hilo, ni ya kuogopa.

Ya nne ni matapeli. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" sote tumeupokea, na wengi tumeuzoea. Unatumwa ovyo kwa watu wengi, ukiotea kumkuta mmoja aliyekuwa kweli anasubiri namba. Lakini tapeli anayejua kuwa Jumamosi ni siku ya marejesho, anayejua jina la Mwenyekiti wako na kiasi unachodaiwa, huyo haotei. Huyo atakuandikia, "Mama fulani, simu yangu imeharibika, marejesho ya leo yatume kwa namba hii ya mwanangu." Nani amempa habari hizo? Sisi wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hoja iliyo mbele yetu

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika kwenye jambo ambalo najua halitampendeza kila mtu. Katika mkutano uliopita ililetwa hoja kwamba kuanzia mzunguko wa kumi na moja, majina ya wadaiwa waliochelewa yawekwe kwenye kundi la WhatsApp kila Jumamosi jioni, pamoja na picha zao. Kura itapigwa mkutano wa kwanza wa mzunguko mpya. Naomba leo nieleze kwa nini kamati ya elimu inasema hapana.

Kwanza niseme wazi kwamba walioleta hoja hiyo si wabaya. Wana uchungu na fedha za kikundi. Mtu amejinyima, amenunua hisa kwa hela ya mandazi, halafu mwenzake amekopa na hapokei simu. Hasira hiyo ni ya haki. Wanasema kikundi kimejengwa kwa uwazi, na hapo nakubaliana nao kabisa. Siku zote tunahesabu fedha mbele ya wote, na anayedaiwa anasimama na kujieleza.

Lakini uwazi wa mkutano na kuanikwa kwenye simu ni vitu viwili tofauti. Mkutanoni anayedaiwa anasimama mbele ya watu 27 waliokula kiapo kimoja naye na wanaoijua shida yake. Anajieleza, anaulizwa, anapangiwa, mambo yanaishia pale. Kwenye simu hajielezi. Jina linakwenda peke yake, bila maelezo, kwa watu wasiojua kama alikuwa hospitali au msibani. Na akishalipa, nani atazunguka kuifuta ile picha kwenye simu za watu?

Mtaniambia mficha uchi hazai. Kweli kabisa. Lakini mzazi humfunulia mkunga, hafunui sokoni.

Nina mfano, na mwenyewe ameniruhusu kuusema ili mradi nisitaje jina lake, kikundi chake wala biashara yake. Ni mama wa kikundi kingine, si chetu. Alidaiwa shilingi 85,000, akachelewa wiki mbili. Wakaiweka picha yake kwenye kundi lao na maneno makali juu yake. Mmoja akaifowadi kwa ndugu yake, ndugu kwa rafiki, hadi ikafika kwa mwenye duka la jumla ambaye kwa miaka alikuwa akimpa mama yule mzigo kwa mali kauli. Yule bwana hakumtukana. Alimwambia tu, "Mama, safari hii njoo na fedha taslimu." Fedha taslimu hana. Mzigo hakuupata, na bila mzigo hakuna mauzo. Deni ambalo angelimaliza ndani ya mwezi alilimaliza baada ya miezi saba, kwa kufulia watu nguo. Kikundi kilipoteza riba, na kilimpoteza mwanachama, maana alipomaliza hakurudi.

Wenzangu, tulitazame hilo kibiashara tu, tuache hata utu. Ile aibu haikulipa deni. Iliua biashara ambayo ndiyo ilikuwa ilipe deni.

Tena kuna wasiodaiwa ambao pia tutawaumiza. Kundi likizoea kutangaza habari za fedha za watu, halitaishia kwa wadaiwa. Itatangazwa siku ya mgao na jumla ya fedha, na vibaka nao wana simu. Wapo kati yetu ambao akiba yao haijulikani nyumbani kwao, na wana sababu zao. Sikuja hapa kuamua mambo ya ndoa ya mtu. Ninachosema ni kwamba mama aliyeweka hisa zake hapa akiamini hazitajulikana, tumepokea vitu viwili mkononi mwake: fedha, na imani. Vyote viwili ni amana.

Sheria inasemaje

Jambo hili si la huruma peke yake. Katiba ya nchi yetu, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Kwa lugha nyepesi, sheria hiyo inasema hivi: ukichukua taarifa za mtu, mwambie unazichukua kwa kazi gani, usizitumie kwa kazi nyingine, hakikisha ni sahihi, zitunze zisivuje, usikae nazo kupita muda unaohitajika. Mwenye taarifa ana haki ya kuziona, kutaka zirekebishwe, na kulalamika kwa Tume. Tena miamala ya fedha ya mtu imewekwa kwenye fungu la taarifa nyeti, yaani zile za kulindwa zaidi.

Kwa jirani zetu Kenya mambo haya yamekwishafika kwenye faini. Mwezi Septemba 2023, ofisi inayosimamia ulinzi wa taarifa nchini humo iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kuwasumbua na kuwatishia watu ambao namba zao ilizipata kwa wengine. Wakati huo huo shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Picha tu, jamani.

Ndiyo maana hata picha zilizomo kwenye kijitabu hiki, kamati ilimwuliza kila mmoja kwanza. Wako watatu waliosema hapana, na picha zao hamtaziona. Msiwaulize kwa nini. Kusema hapana kunatosha.

Tunayopendekeza

Ndugu zangu, kusema bila kutenda ni kelele. Kamati ya elimu inapendekeza mambo yafuatayo, na yote hayahitaji fedha nyingi.

1. Kundi la WhatsApp lisafishwe. Libaki na wanachama 28, kila mtu laini moja. Humo tutangaze tarehe, misiba na sherehe. Habari za hisa, mikopo na mgao zisiandikwe humo.

2. Mwanachama aliyechelewa aambiwe yeye mwenyewe, kwa kupigiwa au kutembelewa. Wadhamini wake wana haki ya kujua, nao waambiwe siku hiyo hiyo. Baada ya hapo jambo liletwe mkutanoni, na faini itozwe kama katiba yetu inavyosema. Atakayekataa kabisa, zipo ngazi za mtaa na za sheria. Hatusemi mdaiwa abembelezwe. Tunasema adaiwe kwa njia zake.

3. Leja na bahasha ya vitambulisho viingie ndani ya sanduku, chini ya kufuli zile zile tatu. Kopi za waliotoka kwenye kikundi wapewe wenyewe au zichomwe moto mbele ya mkutano.

4. Karatasi inayotoka nje ya mkutano itumie namba ya uanachama badala ya jina. Namba hizo tunazo tangu mwaka wa kwanza, tuzitumie.

5. Steshenari twende na karatasi yenyewe. Tukilazimika kutuma kwa simu, tusiondoke mpaka kijana afute mbele yetu, na kopi zilizoharibika tuondoke nazo.

6. Namba ya kupokelea marejesho isibadilishwe kwa ujumbe hata siku moja. Itabadilishwa mkutanoni tu. Ukiletewa ujumbe wa mabadiliko, mpigie Mweka Hazina, usikie sauti yake, kwa namba uliyonayo siku zote.

7. Kila mmoja ajilinde na simu yake. Weka namba ya siri, na isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp. Zile namba sita zinazokuja kwa ujumbe mfupi usimpe mtu yeyote, hata akijiita mimi. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, maana wapo waliowekeshwa kidole mara ya pili na ya tatu kwa kuambiwa "mashine imekataa," kumbe inasajiliwa laini nyingine. Ujumbe wa kitapeli upeleke kwenye namba 15040.

8. Tumwombe Afisa Maendeleo wetu, ambaye yupo hapa, atutafutie mtu wa kutufundisha sheria hii, nasi tuongeze kifungu kimoja kwenye katiba yetu: "Taarifa za mwanachama ni mali ya mwanachama."

Hitimisho

Ndugu Mgeni Rasmi, miaka kumi hii hatujawahi kuvunjiwa sanduku. Tunajivunia hilo, na tuna haki ya kujivunia. Lakini wezi wa siku hizi hawabebi nondo. Wanabeba jina lako, namba yako na habari ya deni lako, na mara nyingi hawahitaji kuviiba kwa sababu tumewapa sisi wenyewe.

Wenzangu, siku ya kura mkumbuke kwamba mdaiwa wa leo si mtu fulani wa kudumu. Katika miaka kumi hakuna hata mmoja wetu ambaye hajachelewa japo wiki moja. Kanuni tutakayoipitisha itamhusu kila mmoja zamu yake ikifika. Tupitishe ile ambayo tungependa itumike siku ambayo mtoto ni mgonjwa, mzigo haujauzwa, na simu inaita.

Akina mama, oyee!